Barua kwa Mwanangu Kabla Hajatia Saini

Migosi, Kisumu

Mwanangu Atieno,

Hujawahi kuniuliza swali zito namna hii, hata ulipokuwa ukichagua chuo. Umeniambia kuwa umepata barua mbili za ajira, zote za mchambuzi wa ngazi ya chini katika benki za uwekezaji jijini Nairobi, na unataka kujua utautambuaje utamaduni wa kila mahali kabla hujatia saini. Babako anasema uchukue penye mshahara mkubwa. Mimi nilikaa nyuma ya dirisha la keshia kwa miaka 26, na ingawa benki yetu ilikuwa ya amana na mikopo, si ya kushauri kampuni zinazouza hisa au kununuana, yapo niliyoyaona ambayo yatakufaa.

Usihangaike sana kuuliza kuhusu saa, kwa maana saa ndefu hazifichiki. Mwaka 2021 wachambuzi 13 wa mwaka wa kwanza wa Goldman Sachs, benki ya uwekezaji ya Marekani, waliwaandalia wakubwa wao slaidi za mtindo ule ule wanaowatengenezea wateja, wakaonyesha kuwa wanafanya kazi wastani wa saa 95 kwa wiki na kulala saa 5 kwa usiku. Waliomba kikomo cha saa 80, nami niliposoma hivyo nilisikitika zaidi kwa ombi lenyewe kuliko kwa lalamiko. JPMorgan, benki nyingine ya huko, iliweka kikomo hicho mwaka 2024, lakini hata hapo kinaweza kulegezwa kazi ya mteja inapopamba moto.

Uliza badala yake kwa nini mtu yuko ofisini saa sita za usiku. Kwa jinsi ulivyonieleza kazi yenyewe, wakubwa hushinda na wateja mchana, kisha jioni ndipo masahihisho huteremka kutoka kwa mkurugenzi hadi kwa aliye chini kabisa, naye hukesha akiyaingiza. Hilo ni umbile la kazi. Lakini kuna mkubwa anayesoma rasimu saa tano asubuhi na kuikalia hadi saa mbili usiku, na kuna ofisi ambamo vijana hawaondoki kwa sababu tu koti la bosi bado linaning'inia kitini. Mtafute aliyeingia mwaka mmoja kabla yako, si yule wa ajira aliyekuandikia barua, umuulize: kazi uliyoikeshea mara ya mwisho, kuna aliyeitumia? Akianza kukueleza ilivyotumika, vizuri. Akicheka na kutazama mlango, utakuwa umejibiwa.

Kubwa zaidi ni kosa. Utakumbuka jioni ya Desemba, ukiwa darasa la tatu, ulipolala kwa shangazi yako kwa sababu nilichelewa. Hesabu yangu ya siku ilipungua shilingi 4,000. Meneja wetu alivua koti, akavuta kiti kando yangu, akawa ananisomea tarakimu kwa sauti, vocha moja baada ya nyingine, nami nikitia alama kwa penseli, hadi tukaipata moja iliyonata mgongoni mwa nyingine. Miaka miwili baadaye alihamishwa, akaja mwingine. Keshia mwenzangu alipopungukiwa, aliitwa mbele yetu sote na kuambiwa atakatwa mshahara kabla hata vocha hazijafunguliwa. Tangu siku hiyo tulijifunza kuficha: pesa iliyopungua tuliifidia kimya kimya kutoka mikobani mwetu, na meneja akaamini kuwa tawi lake halikosei.

Lilikuwa tawi lile lile, na jina lile lile mlangoni. Kwa hiyo usiipime benki. Mpime mtu utakayekaa chini yake, na yule anayegawa kazi, kwa sababu yeye ndiye atakayejua kama umebeba miradi miwili au mitano. Kwako kosa litakuwa tarakimu moja kwenye jedwali la thamani ya kampuni, tena likiwa limekwisha kumfikia mteja. Uliza ni nani aliyempigia mteja simu mara ya mwisho jambo hilo lilipotokea.

Mkataba usome na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 mkononi: likizo isipungue siku 21 za kazi kwa mwaka, na angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Kipindi cha majaribio hakipaswi kuzidi miezi sita bila wewe kukubali kiongezwe, na katika muda huo hata wewe unaweza kuondoka kwa notisi ya siku saba. Wengi hudhani wanajaribiwa wao peke yao.

Umesema Alhamisi unakwenda kuwaona wale wa Westlands. Omba miadi iwe saa kumi na moja jioni, uchelewe kidogo kutoka, utazame nyuso za wanaobaki. Unipigie ukishuka ngazi, kabla hujapanda matatu. Na babako mwambie mwenyewe. Mimi nimechoka kubishana naye.

Mamako