Maswali na Majibu: Miji Jirani Inayogombania Wapangaji

Barua nyingi mara hii zinahusu Minneapolis na St. Paul, miji miwili ya jimbo la Minnesota, Marekani, iliyokaa bega kwa bega kwenye mto Mississippi na kushindana tangu enzi za mababu. Katika sensa ya 1890 kila mmoja uliongeza watu hewa ili uonekane mkubwa, hata ikabidi wote wahesabiwe upya. Barua tumezifupisha.

Nataka kufungua duka la chai na vitafunio kwenye madaraja ya kioo yanayounganisha majengo. Nimepata nafasi Minneapolis na nyingine St. Paul, pango linakaribiana. Nichukue ipi?

Kabla ya pango, uliza njia inayopita mbele ya duka ni mali ya nani. Hapo ndipo miji hii inapotofautiana.

Minneapolis ilijenga daraja lake la kwanza mwaka 1962, na mpaka leo daraja ni jambo la wenye majengo mawili linayoyaunganisha: wao hujenga, wao hulipia joto, taa na usafi. Mtandao umefika kama kilomita 15. Ubaya wake ni kwamba kila mwenye jengo ana saa zake za kufunga. Mteja aliyeingia bila shida anaweza kukuta mlango wa kioo umefungwa katikati ya safari, akarudi nyuma jengo zima kutafuta ngazi ya kushukia barabarani. Akishatendwa hivyo mara mbili, jioni hapiti tena.

St. Paul ilikwenda njia nyingine. Madaraja yalijengwa kama mali ya jiji, na ushoroba ndani ya jengo ni haki ya kupita iliyoandikwa kisheria, kwa hiyo saa za kufungua hupangwa na sheria ya jiji. Kwenye karatasi ni mpango bora. Shida huja jengo lenyewe linapokosa wapangaji: mwenye nyumba akishindwa kulipia umeme na mlinzi, ushoroba unafungwa, na majengo ya upande wa pili yanakatwa na mtandao hata kama yenyewe yana watu. Ukiletewa ramani, fuata njia kwa kidole kutoka dukani kwako hadi kwenye maegesho na kituo cha treni. Ikiwa ipo njia moja tu na inapita kwenye jengo lililo nusu tupu, hiyo ni hatari unayoinunua pamoja na pango.

Halafu kahesabu watu mwenyewe. Simama mlangoni saa tano na nusu hadi saa saba na nusu mchana, andika idadi kila baada ya dakika 15. Fanya hivyo Jumanne, Ijumaa na Jumamosi. Tangu kazi za nyumbani zienee mwaka 2020, Jumanne na Ijumaa ni kama miji miwili tofauti, na anayekuonyesha nafasi atakupeleka siku yenye watu. Jumamosi ukihesabu watu wachache mno, piga bajeti ya siku tano za mauzo kwa wiki, kisha ulinganishe na pango la siku saba.

Jambo la mwisho: pendelea nafasi iliyo karibu na ngazi au lifti inayoshuka moja kwa moja barabarani. Madaraja haya huwaokoa watu na baridi kali ya Januari, lakini yameyanyang'anya wateja maduka ya chini barabarani, na duka la juu lisiloonekana kutoka barabarani halina mteja wa kupita. Ni gharama ambayo miji yote miwili inailipa, na tunasikitika kwamba wapangaji wapya hawaambiwi.

Ofisi tupu ni nyingi na nyumba hazitoshi. Kwa nini wasigeuze tu?

Kinachokwamisha ni umbo la jengo. Chumba cha kulala na sebule vinahitaji dirisha, kwa hiyo pima kutoka dirishani hadi kwenye kiini chenye lifti na ngazi. Mita 8 hadi 10 zinakubali nyumba ya kawaida. Zikifika 14 au 15, nyumba inakuwa ndefu kama behewa, na nusu ya ndani haina mwanga. Minara mingi ya miaka ya 1970 na 1980 iko hivyo. Ongeza mabomba: ghorofa ya ofisi huwa na vyoo sehemu moja tu karibu na kiini, ilhali nyumba 10 za ghorofa moja zinataka majiko 10 na mabafu 10. Kila bomba la maji machafu linatobolewa kwenye sakafu ya zege, na ukikosea mahali unakata nondo au nyaya zilizokazwa zinazobeba sakafu hiyo. Kioo cha nje nacho mara nyingi hakifunguki.

Ndiyo maana majengo ya zamani ndiyo yaliyotangulia. Mtaa wa Lowertown, St. Paul, ulikuwa wa maghala: dari ndefu, madirisha makubwa, sakafu imara. Mwaka 1978 meya George Latimer alipata dola milioni 10 kutoka mfuko wa hisani wa McKnight, likaundwa shirika la kuufufua mtaa huo, na fedha zikatumika kuziba mapengo ambayo benki hazikutaka kuyagusa. Ukiwa na fedha chache, anza na jengo jembamba lenye umri, mnara mnene usubiri.

Nimesikia miji hii inagawana kodi. Inawezekanaje mahasimu kugawana?

Wanagawana *thamani inayotozwa kodi*, si fedha taslimu, na tofauti hiyo ni kubwa. Sheria ni ya 1971. Kesi ziliichelewesha, ikaanza kutumika kwa kodi za 1975. Inahusu kaunti saba za eneo la miji hii miwili na majengo ya biashara na viwanda pekee. Nyumba za kuishi hazimo.

Chukua mji wa mfano. Mwaka 1971 thamani ya majengo yake ya biashara ilikuwa dola milioni 10, leo ni milioni 60. Ukuaji ni milioni 50. Asilimia 40 ya ukuaji, yaani milioni 20, inaingia kwenye chungu cha pamoja, na mji unabaki na milioni 40 za kutoza wenyewe.

Kutoka chunguni, kila mji hupewa fungu kwa idadi ya watu ikizidishwa kwa uwiano mmoja: wastani wa thamani ya mali kwa kila mkazi wa eneo zima, ugawanywe kwa ule wa mji husika. Tuseme wastani wa eneo ni 100. Mji wa watu 50,000 wenye 80 unahesabiwa kana kwamba una watu 62,500. Mji wa idadi hiyo hiyo wenye 125 unahesabiwa kwa 40,000. Wenye kidogo hupata zaidi, ila tajiri naye hatoki mikono mitupu.

St. Paul, mji mkuu wa jimbo wenye majengo mengi ya serikali yasiyolipa kodi, umekuwa mpokeaji mkubwa. Bloomington, mji jirani wenye jengo kubwa la maduka la Mall of America, huchangia kuliko inavyopokea na imelalamika miaka mingi. Tunaelewa uchungu wao, lakini barabara na uwanja wa ndege vinavyowaletea wateja vilijengwa na eneo zima. Faida nyingine haisemwi sana: sehemu ya kodi ya kila biashara hutozwa kwa kiwango kimoja cha eneo zima, hivyo kuhama ng'ambo ya mto hakuokoi kodi kama zamani.

Udhaifu wake ni ucheleweshaji. Hesabu hutumia thamani za nyuma, kwa hiyo mnara ukishuka bei leo, nafuu ya mji inakuja baadaye, na pengo la bajeti halisubiri.

Na Kansas City, ambako mpaka wa majimbo unapita katikati?

Huko hakuna chungu. Kwa miaka Missouri na Kansas zilisamehe kodi ili kuvuta kampuni zivuke barabara ya State Line iliyo mpakani, na mara nyingi wafanyakazi walikuwa wale wale, safari ya kazini imebadilika kwa dakika chache. Mwaka 2019 Missouri ilipitisha sheria na gavana Laura Kelly wa Kansas akatoa amri, kila jimbo likakubali kutolipia uhamisho wa ajira zilizopo ndani ya kaunti za mpakani. Ajira mpya ziliendelea kuruhusiwa motisha. Ukisoma mkataba wa aina hii popote, tafuta kwanza neno "serikali za mitaa". Pale Kansas City misamaha ya kodi inayotolewa na miji yenyewe ilibaki nje ya mapatano, na mlango huo ukiwa wazi mbio zinaweza kuendelea kupitia hapo.