Jibu: Nyungunyungu wameisha shambani, ninunue wengine?

Nimeona swali la huyu ndugu wa Malava, kwamba shamba lake la mahindi liko karibu na msitu, akichimba chini ya miti anapata nyungunyungu kibao lakini kwake hakuna kitu, sasa anauliza kama anunue wale wa kufugwa awamwage shambani. Usinunue kwanza.

Mimi nimewahi kufanya vibarua vya kubebea watafiti mizigo huku Kakamega na kazi ilikuwa hii hii, unapima mraba wa sentimita 25 kwa 25, unachimba hadi 30 kwenda chini, udongo wote unamwagwa kwa karai alafu mnachambua kwa mkono, nyungunyungu, jongoo, tandu, mchwa, kila mdudu anaingia kwa chupa ya spiriti. Mgongo unauma wee.

Wengi hapa wamejibu ati ni juu ya msitu kukatwa vipande vipande. Ni kweli, lakini inategemea mdudu gani. Chukua siafu. Malkia wao hana mabawa, wanaoruka ni madume peke yao, ile midudu minene inagongana na taa usiku, kwa hivyo koloni ikigawanyika malkia anahama kwa miguu na jeshi lake. Sasa wekea huyo miwa, lami na mashamba katikati ya kipande kimoja cha msitu na kingine, atavuka aje? Kakamega kuna aina mbili kubwa za hawa wanaowinda kwa msafara, moja inavumilia mashamba na vichaka, hao ndio wanakuingilia kwa banda la kuku, lakini ile nyingine inataka msitu wenyewe mzito na kwa vipande vidogo imepungua sana. Na kuna ndege wa msituni wanaofuata huo msafara waokote wadudu wanaokurupushwa, siafu wakipungua nao wanakosa chakula. Kipande kikiwa kidogo pia jua na upepo vinaingia kutoka pembeni, majani ya chini yanakauka, na vile vidudu vidogo sana vinavyoishi kwenye majani yanayooza ndio vinaumia wa kwanza. Ukipita kwa barabara utaona miti iko tu na useme msitu uko sawa.

Nyungunyungu ni stori ingine. Huyo hata kwa fensi anaishi, kwa hivyo kwako shida naona ni kilimo. Anapumua kwa ngozi, ngozi ikikauka amekufa. Wewe unaleta trekta ya diski, wengine wanakatwa, wengine wanaanikwa juani, na yangeyange na kwarara wako nyuma ya trekta wanajihudumia (na ile ya kwamba ukimkata mara mbili unapata wawili ni uongo, kipande cha mkia hufa). Alafu mabua yote yanaenda kwa ng'ombe ama yanachomwa, atakula nini? Ongeza mbolea ya DAP kila msimu miaka nenda rudi bila chokaa, udongo unakuwa na asidi, na wengi wao hawaipendi kabisa.

Mchwa nao unafanya kinyume. Wale wanaokula udongo wanapotea ukilima sana, lakini wale wa kujenga vichuguu wanabaki, na kwa sababu umewaondolea mabua na majani yote wanaangukia mahindi yako. Hapo watu wanakimbilia dawa, na dawa hiyo haichagui mdudu.

Ningekuwa wewe ningeacha ukanda wa mita moja hivi kwa mpaka, usilimwe, usichomwe, urundike magugu na majani hapo. Ndani punguza kugeuza udongo, rudisha mabua hata kama ni nusu, weka samadi iliyooza, na upime asidi kabla ya kununua chokaa. Watarudi kutoka kwa huo mpaka lakini polepole, nyungunyungu anasonga mita chache tu kwa mwaka, kwa hivyo shamba likiwa kubwa acha kanda mbili tatu katikati pia.

Na wale wa kuuzwa, wale wekundu, ni wa kwenye rundo la samadi na takataka za jikoni, hapo wanafanya kazi safi sana. Ukiwamwaga kwa mahindi yaliyopaliliwa peupe hivyo unalisha ndege. Chimba kwanza mraba mmoja kando ya fensi na mwingine katikati ya shamba, mvua za Aprili zikishika vizuri, ulete hesabu hapa tuone.