Kuwashwa viganja na nyayo, mimba ya wiki 33
Dada, umesema viganja na nyayo vinakuwasha usiku mpaka hulali, na ngozi haina upele hata kidogo. Tafadhali usikubali kuambiwa ni ngozi inatanuka tu. Huenda nyongo haitoki vizuri kwenye ini, inarudi kwenye damu. Nenda kesho asubuhi, omba kipimo cha asidi za nyongo pamoja na cha utendaji wa ini. Asidi hizo zikifika mikromoli 100 kwa lita, hatari ya mtoto kufia tumboni huongezeka, ndiyo maana madaktari huamua kuzalisha mapema. Lakini ukipata maumivu chini ya mbavu za kulia, kutapika, macho ya njano, kichwa kuuma sana, au mtoto akipunguza kucheza, usingoje kesho. Nenda sasa hivi.