Sakura Bado Matumba: Majibu kwa Wanaofika Japani Mapema

Barua za mwezi huu zinazunguka jambo moja. Tiketi imeshakatwa, tarehe ni za katikati ya Machi, na utabiri unasema sakura za Tokyo, yaani maua ya mcheri, zitafunguka mwishoni mwa mwezi. Najibu kwa yale niliyoyaona mwenyewe katika misimu minne.

Tunatua Tokyo tarehe 16 Machi, tunaondoka tarehe 24. Mume wangu anasema tumetupa pesa. Ni kweli? (Mama wa watoto wawili, Dodoma)

Si kweli, dada. Mwambie shemeji atulie. Utabiri anaousoma unahusu aina moja tu ya sakura, Somei Yoshino, ile ya rangi inayokaribia weupe. Ndiyo iliyopandwa kila mahali, lakini si peke yake.

Bustani ya Shinjuku Gyoen ina aina zaidi ya 60, na nyingine hutangulia wenzake kwa wiki kadhaa. Nendeni huko siku ya kwanza. Mkifika hifadhi ya Ueno, msikimbilie ile njia kuu maarufu. Angalieni kwanza miti iliyo karibu na lango, kwa kuwa hapo kuna ya mapema ambayo mara nyingi huwa imejaa maua wakati mingine yote bado ni vijiti vitupu.

Mkienda Kyoto, kuna kihekalu kidogo kiitwacho Chotokuji, karibu na stesheni ya Demachiyanagi. Mbele yake umesimama mti wa Okame, aina ya sakura ya mapema, wa waridi iliyokolea, ambao kwa kawaida huchanua katikati ya Machi. Siku chache baadaye hufuata ile miti ya matawi yanayoning'inia kwenye viwanja vya kasri la zamani la wafalme, upande wa kaskazini, palipokuwa na makazi ya ukoo wa Konoe. Kuingia ni bure. Mwaka wangu wa kwanza nilikaa chumbani siku mbili nikisubiri "sakura zianze", kumbe hizo zilikuwa zimeanza zamani, mwendo wa dakika ishirini tu kwa miguu. Bado inaniuma.

Mji wa Kawazu, rasi ya Izu, huanza Februari na maua yake hudumu karibu mwezi mzima. Miti yote ya kule ilitokana na mche mmoja ambao mkazi wa mji aliukuta karibu na mto katika miaka ya 1950. Kwa tarehe zenu mtakuwa mmechelewa. Wenye ndege za Februari, huko ndiko kwenu.

Nani anaamua kwamba sakura "zimechanua"? Na kwa nini zote hufunguka kwa pamoja? (Mwalimu wa baiolojia, Kisumu)

Swali zuri, mwalimu. Idara ya hali ya hewa ya Japani huwa na mti wake wa mfano katika kila eneo. Wa Tokyo umo ndani ya hekalu la Yasukuni. Ofisa huenda kuuangalia kwa macho, akihesabu. Maua matano au sita yakishafunguka, msimu umetangazwa, na wanahabari huwa wamemzunguka pale wakimsubiri atamke. Maua yakifika asilimia 80 hutangazwa kilele. Kati ya tangazo la kwanza na la pili hupita kama wiki moja, pengine zaidi kukiwa na baridi.

Kuhusu kufunguka pamoja, Somei Yoshino haipandwi kwa mbegu. Huzalishwa kwa kubebesha, kama wakulima wetu wanavyofanya kwa miembe, kwa hiyo miti hiyo yote ni nakala ya mti mmoja. Joto likiwa lile lile, zote huitika kwa siku zile zile.

Tarehe zenyewe zinasogea mbele. Kyoto ina kumbukumbu za kilele cha sakura zilizokusanywa kutoka shajara za watawa na wakuu wa zamani, tangu karne ya 9. Mwaka 2021 kilele kilifika tarehe 26 Machi, mapema kuliko mwaka wowote uliotangulia katika kumbukumbu hizo. Wanasayansi wanataja ongezeko la joto duniani pamoja na joto la mji wenyewe. Nilikuwa Kyoto mwaka ule. Wazee waliokaa kando ya mto Kamo walikuwa wakiitazama miti kwa furaha na huzuni pamoja, na mimi sijaacha kuwaza juu ya nyuso zao.

Niombe viza lini? (Kijana, Mwanza)

Usiwahi mno. Viza ya kuingia mara moja hutumika ndani ya miezi mitatu tangu itolewe, kwa hiyo ya Novemba haitakufikisha Machi. Andaa nyaraka mapema, lakini peleka maombi mwezi wa kwanza au mwanzoni mwa wa pili.

Ninunue ile pasi ya treni ya siku saba? (Msafiri, Nairobi)

Kwa Tokyo na Kyoto tu, hapana. Oktoba 2023 bei yake ilipanda hadi yen 50,000, na kwenda na kurudi kwa Shinkansen, treni ya mwendo kasi, ni kama yen 28,000. Ukikata tiketi ya kutoka Tokyo, omba kiti E, cha dirishani. Mbingu zikiwa safi, mlima Fuji utaupata upande huo.

Baridi ikoje? Nina watoto. (Mama, Mombasa)

Fikiria Njombe mwezi wa saba, pamoja na upepo. Mchana kunaweza kuwa na jua zuri la nyuzi 15, jua likizama mkatetemeka. Wajapani wana neno hasa kwa baridi inayorudi maua yakiwa yamefunguka, hanabie. Mwaka 2020 theluji iliangukia sakura za Tokyo tarehe 29 Machi. Chukua majaketi, soksi nzito na kitu cha kukalia, maana ardhi huwa na baridi kuliko hewa.

Assalaam alaykum. Tutakula nini, na tutaswali wapi? (Ndugu wawili, Unguja)

Waalaykum salaam. Nguruwe ni rahisi kumwepuka. Kinachojificha ni pombe ya mapishi, sake na mirin, inayotiwa kwenye michuzi hata ya samaki na mboga. Ulizeni kabla ya kuagiza, na wekeni swali hilo kwa Kijapani kwenye simu. Migahawa ya halali ipo mingi Tokyo sasa, hasa maeneo ya Asakusa na Shinjuku.

Kwa Ijumaa, nendeni Tokyo Camii, msikiti wa mtindo wa Kituruki karibu na stesheni ya Yoyogi-Uehara, dakika chache kwa treni kutoka Shinjuku. Jengo la sasa lilifunguliwa mwaka 2000, baada ya lile la 1938 kubomolewa. Viwanja vya ndege vya Narita na Haneda navyo vina vyumba vya kuswalia.

Naweza kukata kitawi kidogo niwe nacho kwa kumbukumbu? (Mwanafunzi, Kampala)

Tafadhali usikate, hata kidogo. Jeraha la msakura hupona kwa shida na huoza upesi. Wenyewe husema akataye msakura ni mpumbavu, na asiyekata mplamu ni mpumbavu vilevile. Usivute tawi ulilete kwenye uso wako upige picha, wala usikanyage mizizi. Ukitaka cha kubeba, nunua majani ya sakura yaliyotiwa chumvi. Yanauzwa madukani na harufu yake hudumu.

Shikamoo. Nampeleka mama yangu wa miaka 71, magoti yanamsumbua. Wapi patamfaa? (Mtoto wake, Arusha)

Marahaba, na Mungu akubariki kwa kumpeleka. Mrudishe Shinjuku Gyoen hata mara mbili. Sehemu kubwa ni tambarare, kuna benchi na nyasi pana, na wenye miaka 65 na zaidi hulipa yen 250 badala ya 500, wakionyesha kitambulisho. Siku za kilele, miaka ya karibuni, wamekuwa wakidai uandikishaji wa mapema, ndiyo sababu nyingine ya kufurahia kwenda kabla. Hekalu la Kiyomizu-dera, Kyoto, lina mlima na ngazi. Ikiwa analitaka sana, chukueni teksi na mfike saa kumi na mbili asubuhi, linapofunguliwa. Barabara huwa tupu. Atapanda polepole bila mtu wa kumsukuma, na matumba atayaona yamefumba, mekundu kwenye ncha.