Mashine ipi ifungwe kwenye mtumbwi wa maji mafupi yenye magugu

Wengi wanaotafuta mashine ya mtumbwi huanza na nguvu: nichukue HP 8, 15 au 40? Kwa anayevua au kubeba abiria kwenye Ghuba ya Winam, Ghuba ya Mwanza au mwalo (mahali mitumbwi inapofika nchi kavu) wowote uliozungukwa na mafunjo, hilo liwe swali la mwisho. La kwanza ni magugu yamekaa wapi ndani ya maji unayopita. La pili ni mashine itapata wapi maji ya kujipoza. HP 40 ikizibwa matundu ya maji hunoki kama HP 8, tofauti ni ukubwa wa hasara.

Magugu hayafanani. Gugu maji, lile la maua ya zambarau lililoingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, huelea, na mizizi yake myeusi yenye nyuzinyuzi huning'inia chini hadi nusu mita au zaidi. Mizizi hiyo ndiyo inayofunika matundu ya maji ya mashine. Kuna majani yanayoota chini na kupanda juu, marefu na laini kama kamba. Haya hujizungusha kwenye propela. Halafu kuna mafunjo na matete, yenye mashina magumu na mizizi inayogonga kama gogo. Ongeza na vipande vya nyavu za timba (za uzi mmoja wa nailoni) vilivyoachwa majini. Hivyo si magugu, lakini huharibu mashine kuliko magugu yote hayo.

Kabla ya kwenda dukani, chukua upondo (mti mrefu wa kusukumia mtumbwi), utie alama kila sm 10, kisha upite njia yako yote mwishoni mwa kiangazi maji yakiwa yamepungua. Andika kina mpaka kwenye tope, kina mpaka kwenye ncha za majani yaliyoota chini, na mizizi ya magugu yanayoelea inashuka kiasi gani. Pima pia mtumbwi wenyewe unazama kiasi gani ukiwa na mzigo wa kawaida. Vipimo hivyo vitakuambia mengi kuliko muuzaji.

Tuanze na mashine ya kawaida ya kufungwa kwenye ubao wa nyuma, kwa kuwa ndiyo iliyo mikononi mwa wengi na spea zake zinapatikana. HP 15 ya kawaida huja na propela ya kipenyo cha inchi 9¼, yaani sm 23 na kitu, na kutoka kwenye bamba bapa lililo juu ya propela mpaka ncha ya chini ya mguu (sehemu ya mashine inayoshuka majini) ni takriban sm 30. Mtumbwi unaozama sm 25 basi unahitaji sm 55 za maji safi, bila kuhesabu mawimbi wala abiria aliyehamia nyuma. Ukiwa na sm 70 njia nzima, mashine hii inakutosha. Ukiwa na sm 40, haikutoshi hata uifanyeje.

Urefu wa mguu ndipo watu wengi wanapokosea. Mguu mfupi ni inchi 15, mguu mrefu ni inchi 20. Pima ubao wa nyuma kwa wima, kutoka ukingo wa juu hadi chini kabisa ya mtumbwi. Ukipata sm 38 hadi 40, chukua mguu mfupi. Ukipata karibu sm 51, chukua mrefu. Mguu mrefu kwenye ubao mfupi unaongeza sm 13 za chuma chini ya mtumbwi, na hizo sm 13 kazi yake ni kuzoa majani na kulima tope. Bei ya mguu mrefu uliotumika ikikuvutia, kumbuka hilo kwanza.

Mguu ukishakuwa sahihi, cheza na kimo. Kwa kawaida lile bamba linakaa usawa wa chini ya mtumbwi au sm 2 hadi 3 chini yake. Kwenye magugu, liinue: weka kipande cha mbao ngumu chenye unene wa sm 2 juu ya ubao, chini ya mabano ya mashine, ukihakikisha skrubu za kubana bado zinauma ubao wenyewe. Funga na mnyororo wa tahadhari. Jaribu ukiwa na mzigo, ukate kona kulia na kushoto. Mlio ukipanda ghafla, povu likatoka nyuma na mtumbwi usiongeze mwendo, propela inavuta hewa. Punguza kipande hicho kiwe cha sm 1. Kimo kizuri ni kile kinachokaribia kuvuta hewa lakini hakivuti.

Mashine nyingi ndogo zina pia nafasi ya kuinamisha mguu kwa ajili ya maji mafupi. Itumie kwa mwendo mdogo tu, na usiondoe jicho kwenye mchirizi wa maji unaotoka nyuma ya mashine. Matundu ya kuvutia maji yako ubavuni mwa mguu, chini kidogo ya bamba; ukiinamisha mno yanachungulia nje, pampu inavuta hewa. Ndani ya pampu kuna impela ya mpira inayolainishwa na maji yaleyale inayoyasukuma. Ikizunguka kavu kwa muda mfupi tu mapanga yake yanaungua na kukatika, na vipande vinakwenda kuziba njia za juu. Kwenye magugu badilisha impela kila mwaka hata kama mchirizi bado upo, pamoja na gasketi zake. Mchirizi ukidhoofika ghafla, kwanza zibua tundu lake kwa uzi mnene wa nailoni, maana mara nyingi ni tope limeziba pale nje na pampu ni nzima.

Kwenye propela, tafuta yenye mapanga yaliyolazwa nyuma, ambayo majani huteleza na kudondoka badala ya kushikwa. Punguza piti pia, yaani umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja. HP 15 inayokuja na piti ya inchi 9¾ ikiwekewa piti ya 8, inasukuma kwa nguvu zaidi ikiwa taratibu na haielemewi ikibeba majani. Utapoteza mwendo kidogo kwenye maji mapana, na kwa mtu wa magugu hilo ni badiliko la faida.

Mashine ndogo sana, za HP 2 hadi 5, nyingi huwa na pini laini inayokatika propela ikigonga kitu. Beba tatu za akiba, za aina ileile. Usiweke msumari. Msumari haukatiki, kwa hiyo kitakachokatika ni jino la gia. Kwenye HP 15 kazi hiyo hufanywa na mpira ulio katikati ya propela. Ukichoka, mashine inanguruma lakini mtumbwi unajivuta hata kwenye maji safi, na dawa yake ni propela nyingine.

Sasa timba. Uzi wa nailoni ukishikwa na propela huingia nyuma yake, ukajizungusha kwenye shafti na kukata sili ya gia (mpira unaozuia maji kuingia). Hutasikia lolote siku hiyo. Maji huingia polepole, oili ya gia ikageuka rangi ya chai ya maziwa, na miezi baadaye beringi na gia zimekula kutu. Kwa hiyo kila wiki mbili chomoa pini ya kufungia, fungua nati, vua propela na washa yake, toa kila uzi unaouona, paka grisi na urudishe. Ni kazi ya dakika kumi. Fungua pia skrubu ya chini ya gia kidogo uone tone la kwanza: likiwa na weupe huo wa maziwa, usirudi majini kabla fundi hajabadilisha sili. Ukijaza oili ya gia, ijaze kutoka tundu la chini mpaka itoke tundu la juu, ndipo hewa haibaki ndani.

Kama vipimo vyako vinasema sm 30 hadi 50 na magugu karibu kila siku, acha mashine ya kawaida. Hapo kinachofaa ni mashine ya mkia mrefu, ile inayosukuma mitumbwi ya Thailand na Vietnam: injini ya petroli inayopozwa kwa hewa, kama ya pampu ya kumwagilia, imekaa juu ya mhimili nyuma ya mtumbwi, na shafti ndani ya bomba refu inapeleka propela nyuma kabisa, karibu na uso wa maji. Haina pampu ya maji, kwa hiyo hakuna cha kuzibwa. Likitokea gogo au tope, bomba linapanda juu lenyewe au unakandamiza mpini propela itoke nje. Majani yakijizungusha, unainua propela hadi uione, tena ukiwa umekaa.

Urefu wa bomba si wa kukisia. Honda GX200 na injini za mfano wake hulainishwa kwa oili ya kurushwa ndani, na mwisho wa kuinama kwake ni nyuzi 20. Tuseme shafti ya injini iko sm 60 juu ya maji na propela sm 10 chini yake: jumla ni sm 70. Kwa bomba la mita 2 mwinamo unafika nyuzi 20 na kitu, umeshavuka kikomo. Kwa bomba la mita 2.5 unapata nyuzi 16, salama. Aliyechomelewa bomba fupi ili mtumbwi ugeuke kwa urahisi, ndiye ambaye injini yake inakosa oili upande mmoja na kufa mapema. GX200 hubeba lita 0.6 tu za oili. Ipime kila asubuhi mashine ikiwa imelala usawa, ibadilishe baada ya saa 20 za kwanza, kisha kila saa 100. Bushi ya mwisho wa bomba (pete inayoshika shafti) huliwa na mchanga, kwa hiyo piga grisi kila siku ya kazi mpaka grisi chafu itoke.

Ina taabu zake. Mingi ya mikia hii haina gia ya kurudi nyuma wala ya kusimama: injini ikiwaka, propela inazunguka. Ukikaribia mwalo, zima ukiwa mita 20 na umalizie kwa upondo, hasa penye watoto wanaoogelea. Kugeuka kunahitaji nafasi, na kwenye maji mapana yenye mawimbi ni mzito kuliko mashine ya kawaida ya nguvu hiyohiyo. Kwa anayevuka ziwa wazi kilomita nyingi, haifai.

Mashine ya kuvuta maji na kuyarusha nyuma, bila propela ya nje, huonekana kama jibu kwa kuwa haina kinachoning'inia. Mhandisi William Hamilton wa New Zealand aliikuza miaka ya 1950 kwa mito ya mawe yenye maji mafupi, ambako maji ni safi. Kwenye magugu, wavu wa kuvutia maji unaziba mita chache tu ndani. Mashine za umeme za kuvulia zinasimama majani yakizidi, na ya volti 12 yenye msukumo wa pauni 55 hula karibu ampea 50 ikiwa kasi kamili. Betri ya risasi ya Ah 100, ambayo ni vyema kutumia nusu yake tu, inakupa saa moja. Boti zenye pangaboi kubwa la hewa, kama za Florida, zinapita popote, lakini mafuta na kelele zake si za mvuvi.

Mashine yoyote utakayochagua, upondo ubaki ndani. Urefu wake uwe kina cha njia yako pamoja na mita 1.5 hadi 2, na ncha yake iwe na panda ili usizame kwenye tope ukabaki umeushika wewe na mtumbwi ukaondoka. Upande wa pili funga ngoe ya kuvutia magugu. Kafi peke yake kwenye gugu maji ni kupoteza nguvu.

Propela ya mashine ya kawaida ikishikwa, usipandishe moto kujaribu kukata. Punguza, weka gia katikati, kisha rudi nyuma taratibu sekunde tatu hadi tano. Mara nyingi majani yanajifungua. Yasipofunguka, zima, chomoa kamba ya usalama ya kuzimia mashine, inua mguu na kata kwa mundu kwa kufuata urefu wa shafti. Angalia maji kwanza kabla ya kunyoosha mkono, maana kiboko na mamba hujificha kwenye visiwa vya magugu. Usishuke kusukuma mtumbwi pia: konokono wa kichocho wanakaa kwenye majani hayohayo. Ukiwasha tena, usiondoke mpaka mchirizi uonekane.

Na panga safari kwa upepo. Mchana upepo wa ziwa husukuma visiwa vya magugu kuelekea nchi kavu. Usiku na alfajiri upepo wa nchi kavu huyasogeza nje. Mwalo uliokuwa wazi ulipoondoka saa 12 asubuhi unaweza kuwa umefungwa saa 9 alasiri, kwa hiyo uwe na mwalo wa pili unaoujua, na petroli ya kuufikia.