Jibu: Bagi ya mchangani, nianze na bodi au chasi?

Mkuu, unataka kujenga bagi, gari dogo jepesi la kuendesha mchangani, na umeuliza ununue kwanza bodi ya faiba au chasi ya Volkswagen Beetle. Anza na chasi! Bruce Meyers wa California, aliyebuni bagi ya Meyers Manx miaka ya 1960, aliifupisha kwa takriban sentimita 36, na bodi nyingi zilizoigwa kwake zinahitaji ifupishwe kwa kipimo hicho hicho. Kabla ya kukata, gongagonga sakafu kwa bisibisi, hasa pale betri inapokaa chini ya kiti cha nyuma. Ikitoboka, kutu imeshakula. Mimi nilichomelea bila kuifunga chasi kwenye fremu ya kuishikilia isisogee, ikapinda, Jumamosi zangu za miezi minne zikapotea. Inaniuma hadi leo. Pima mishazari yote miwili, chomelea kidogo kidogo, iache ipoe. Fimbo ndefu ya ndani ya chasi, inayounganisha mkono wa gia na gia boksi, nayo hufupishwa.