Mfumo wa kompyuta uliofungwa: nani aweke, nani auache

Kama una steshenari Mtwara au Lindi, na kompyuta yako inashikwa na kila mtu, kuanzia kijana wa zamu hadi mteja mwenye haraka zake, achana na habari ya kupiga Windows upya kila mara. Weka mfumo uliofungwa, yaani ambao mafaili yake hayabadilishwi ovyo. Kazini kwangu nimeweka Fedora Silverblue, aina ya Linux, na sina mpango wa kuitoa.

Simu yako ya Android tayari inaishi hivyo: mafaili ya mfumo yanasomeka tu, wewe unabaki na programu na picha zako. Silverblue nayo inafunga /usr, folda yenye mafaili ya mfumo, na programu nyingi unazishusha kama Flatpak, vifurushi vinavyokaa nje ya mfumo, kutoka Flathub, duka lake la mtandaoni. Apdeti huandaliwa pembeni ikiwa toleo kamili, halafu unaingia humo ukiwasha kompyuta upya. Likisumbua, unachagua la zamani kwenye menyu ya kuwashia na kazi inaendelea.

Kwa huku kwetu, faida kubwa ipo kwenye umeme. Msimu wa korosho uliopita foleni ilifika barazani, watu na kopi zao za vitambulisho, umeme ukakatika apdeti ikiwa katikati. Uliporudi, kompyuta iliwaka na toleo lilelile la asubuhi, nikaendelea kuchapa. Kwenye Linux ya kawaida hapo ningeweza kukuta pakiti zimeingia nusu, nianze kuzinyoosha huku wateja wananitazama.

Kero ipo kwenye bando. Unataka kiprogramu kidogo tu, Flatpak inakushushia na maktaba zake, mamia ya MB. Programu zinazofuata zikitumia maktaba zilezile mzigo unapungua, lakini siku ya kwanza utaumia. Diski ndogo ya GB 32 nayo itajaa haraka, maana matoleo mawili ya mfumo yanakaa humo.

Printa ndiyo ya kuangalia kabla ya yote. Zinazoelewa IPP, lugha ya kuchapa isiyohitaji draiva ya kampuni, huingia zenyewe. Zile za leza za bei rahisi, zinazodai draiva ya kampuni, zinataka rpm-ostree, amri ya kuongeza pakiti kwenye mfumo wenyewe, na kuwasha upya, na kisakinishi kinachong'ang'ania kuandika ndani ya /usr kitagoma tu. Kwa hiyo kabla hujafuta chochote, washa kompyuta kwa flashi ya Fedora Workstation, chomeka printa, toa karatasi moja. Ikitoka bila kusakinisha kitu, Silverblue nayo itaiweza.

Mwanafunzi wa chuo anayejifunza Linux simshauri. Toolbox ipo, ndiyo, chumba cha pembeni cha kusakinishia vitu bila kugusa mfumo, ila maelekezo mengi ya mtandaoni yanamwambia asakinishe moja kwa moja, na hapa yatamkatalia. Mpe Debian, Linux ya kawaida isiyofungwa, aichezee mpaka iharibike, ndipo ataelewa.

Na usidanganyike kwamba kufungwa kwa mfumo kunalinda kazi za wateja. Folda yako ya nyumbani iko wazi. Faili ukilifuta, kurudi toleo la zamani hakulirudishi. Nakala kwenye diski ya nje ni lazima.

Kitu kingine: kwa kawaida Silverblue hutunza toleo la sasa na lililotangulia tu, kwa hiyo apdeti mbili mbaya zikifuatana, lile toleo lililokuwa likifanya kazi vizuri limeshafutwa. Siku printa, skana na kila kitu vinafanya kazi, fungua terminal, dirisha la kuandikia amri, uandike sudo ostree admin pin 0. Toleo hilo halitaguswa mpaka uliachie mwenyewe.